Mwalimu Niliyemchagua Mbinga

Nilichoma bambo misimu minne kwenye ghala la kahawa la wakulima, huko juu milimani Mbinga. Bambo ni chuma chembamba chenye ncha kali na mfereji ndani. Unalichoma kwenye gunia, unalichomoa, na kahawa kidogo inateremka kiganjani bila gunia kufunguliwa. Nimefanya kazi nyingi tangu nimalize kidato cha nne, lakini hiyo ndiyo pekee ninayoweza kusema niliijua.

Mtunza ghala aliyenifundisha alikuwa na masharti mawili. La kwanza, gunia huchomwa juu, katikati na chini, hata liwe la nani. Watu wa kwetu si wezi, ila mvua ikiwakuta wakati wa kuanika, mtu hubaki na kahawa iliyokauka na nyingine mbichi, na mkono wake wenyewe unajikuta umeitanguliza mbichi chini na kavu imekaa juu. La pili, usimtazame mwenye gunia usoni mpaka umalize kunusa na kuuma punje. "Ukimtazama," aliniambia, "atakupimia yeye."

Niliyashika yote mawili. Nilichoma hata magunia ya baba yangu, na moja nikalirudisha. Baba alilifunga kwenye baiskeli, akapanda nalo nyumbani kulianika upya, na mimi nikachoma gunia la mtu mwingine. Nayasema haya mapema ili baadaye nisije nikajitetea kwamba sikujua.

Dada yangu mkubwa aliolewa ziwani, kwenye kijiji kimoja kusini mwa Mbamba Bay. Mumewe alifariki zamani, akabaki na binti mmoja na chanja tatu za kuanikia usipa, hao dagaa wadogo wa Ziwa Nyasa. Mwaka juzi, mwezi wa sita, niliteremka kwake nikitokea Kilombero, na begi langu lile lile. Alikuwa anageuza samaki kwenye chanja. Hata hakunyoosha mgongo.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umekuja au unapita?"

"Nimekuja."

"Unapita. Wewe ulilishwa mguu wa kuku utotoni, nilimwambia mama asikupe, hakunisikia." Halafu akanyooka taratibu, mkono mmoja kwenye goti, na nikaona kwamba goti lile halikuwa zima tena.

Binti yake alikuwa na miaka ishirini. Alikuwa amemaliza kidato cha nne na masomo yote ya sayansi alikuwa amepita, ila hisabati. Aliirudia mara moja kama mtahiniwa wa kujitegemea, akafeli tena. Alitaka chuo cha maabara, akapime damu na makohozi hospitalini, na chuo alichokipata kiliitaka hiyo hisabati. Walikuwa wamekubaliana na mama yake kwamba Novemba ile ingekuwa mara ya mwisho. Akipita, angeenda chuo na dada angetafuta mtu wa kumsaidia samaki. Asipopita, chanja zingekuwa zake, maana magoti ya mama hayakuwa na mwaka mwingine ndani yake.

"Algebra siiwezi, mjomba, na nimeshaacha kujidanganya," aliniambia. "Ila takwimu na uwezekano naviona. Nikivikamata hivyo na vingine viwili vitatu, napita."

Shule ilikuwa mbali na mwalimu wa kumlipa hakuwepo. Alikuwa amesikia kwamba kwenye simu kuna walimu wanaofundisha hisabati bure, kwa Kiswahili, somo baada ya somo. Lakini mtandao wa kijiji kile ulipatikana juu ya jiwe moja kubwa kandokando ya maji, na hata hapo ulitosha sauti tu, picha haikwenda. Simu ikichoka kutafuta, inadaka minara ya Malawi. Kwa hiyo alitoa memori kadi kwenye simu yake, akaifunga ndani ya kipande cha karatasi na kunikabidhi, kwa sababu nilikuwa na safari ya kupanda Mbinga.

"Niletee mwalimu mmoja, usichanganye. Nikisikia wawili napotea. Lakini awe mzuri mpaka mwisho, mjomba. Wewe ulikuwa mpimaji."

Pale Mbinga kuna kibanda karibu na stendi ambapo kijana mmoja anachaji simu na kuwaingizia watu nyimbo na filamu kwenye kadi. Nilimweleza ninachotaka. Akacheka.

"Mzee, na wewe unariseti mtihani?"

"Mimi nimeshafeli, siwezi kufeli zaidi. Ni wa mpwa wangu."

Alinitafutia walimu wanne. Nilikalishwa kwenye kreti ya soda, nikavaa spika za masikioni, na kazi yangu ya upimaji ikaanza. Wawili niliwaacha upesi, mmoja aliimba zaidi ya kufundisha na mwingine sauti yake haikusikika. Wakabaki mwanamume na mwanamke.

Mwanamume alivaa koti na tai. Ubao wake ulikuwa mweupe kabisa, mwandiko kama wa kuchapwa, na kila somo lilianza na muziki kidogo. Alisema, "Leo utaelewa," na mimi niliyekuwa nimekaa kwenye kreti nikaelewa kweli. Wastani, namba ya katikati, namba inayojirudia, vitu nilivyovikimbia darasani miaka ile, vikaingia kama maji. Kijana wa kibanda alinionyesha idadi ya waliotazama somo lile la kwanza. Ilikuwa idadi ya kutisha.

Mwanamke alifundishia chumbani, ubao ukiwa umeegemezwa ukutani. Jogoo aliwika wakati anaanza. Hakuwa na muziki. Aliandika mstari wa kwanza, akautazama, akasema, "Samahani, hapa nimekosea, tufute," akafuta kwa kiganja. Nikavua spika.

"Huyu anajifunza na yeye," nikamwambia kijana.

"Nikuingizie yule wa tai?"

"Anapendwa?"

"Si umeona mwenyewe namba."

Masomo ya yule wa tai yalikuwa kumi na nane. Nilitazama la kwanza na nusu ya la pili. Gari la kuteremka lilikuwa linajaza watu, na mimi ni mtu ambaye nikikaa mahali kidogo miguu inaanza kuniwasha. Nimepita miji mingi kwa namna hiyo hiyo, naionja asubuhi yake tu. Nilisema, "Weka huyo, yote." Kijana akaweka. Kadi ikajaa.

Siku mbili tatu za kwanza zilikuwa siku za furaha pale nyumbani, na ndizo zinazonirudia zaidi. Binti alimaliza samaki mchana, akanawa mikono kwa sabuni mara mbili ili harufu isibaki kwenye simu, akakaa kizingitini na daftari. Sauti ya yule mwalimu ilijaza uani. Dada alikariri maneno yake huku akichagua mchele, "Leo utaelewa," akamwambia kuku, "na wewe leo utaelewa."

Jioni moja binti aliniuliza nimekaa wapi na wapi tangu nilipomaliza kazi yangu ya mwisho ya mkataba. Nikamtajia sehemu tano, na miezi niliyokaa kila mahali, kadiri nilivyokumbuka. Minne, kumi na mmoja, miwili, saba, sita. Aliandika, akajumlisha, akagawanya.

"Wastani wako ni miezi sita, mjomba. Na ukizipanga, namba ya katikati nayo ni sita."

"Maana yake nini?" dada aliuliza.

"Maana yake Desemba hatupo naye."

Dada alicheka mpaka akafuta machozi kwa upande wa kanga. Mimi pia nilicheka. Kwa kweli sikumaliza hata mwezi. Niliondoka nikapanda tena milimani, nikachuma kahawa Namswea kwa watu, halafu nikapata kazi ya kupakia mahindi kwenye malori pale Kitai.

Alinipigia Oktoba, mchana. Nilijua yuko juu ya jiwe kwa sababu nilisikia mawimbi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mama. Masomo?"

"Takwimu nimemaliza, niko vizuri. Huku kwenye uwezekano mwalimu wako ananichanganya." Alizungumza haraka, kama mtu aliyejipanga. "Ana kikombe chenye punje tatu, mbili nyekundu, moja nyeupe. Unatoa moja bila kutazama, unaiweka pembeni, hairudi. Unatoa ya pili. Anauliza, uwezekano wa zote mbili kuwa nyekundu ni nini. Anasema ya kwanza ni mbili kwa tatu, ya pili moja kwa tatu, ukizidisha ni mbili kwa tisa."

"Sawa."

"Si sawa, mjomba. Umeshatoa moja. Kikombeni zimebaki mbili. Yeye bado anagawa kwa tatu."

Lori lilikuwa linasubiri. Wenzangu walikuwa wanasikiliza, maana nilikuwa nimeweka sauti kubwa ili nishike gunia kwa mikono yote miwili.

"Nimejaribu," aliendelea. "Maharage mekundu mawili na punje moja ya mahindi, kwenye kikombe cha chai. Nimetoa mara tisini. Kwa hesabu yake nyekundu zote mbili zingekuja kama mara ishirini. Zimekuja thelathini na moja. Kwa hesabu yangu mimi ni thelathini."

"Umehesabu vibaya."

"Nimechora vijiti, vyote viko kwenye daftari."

"Basi unachungulia kikombe. Au vidole vinajua, harage si sawa na hindi."

Mmoja wa wapakiaji alicheka. Ningeweza kuishia hapo. Lakini kicheko cha watu kina namna ya kumsukuma mtu, nami nikasema, "Sasa kati yako na mwalimu nani mwalimu? Maelfu ya watu wanamfuata, wote hawajaona, umekuja kuona wewe uliyefeli mara mbili?"

Nikapandisha gunia jingine kwenye lori.

"Sawa, mjomba," alisema. Halafu ikakatika, nikadhani imehamia Malawi.

Mtihani ulifanyika Novemba. Matokeo yalipotoka, mwishoni mwa Januari, dada ndiye aliyenipigia, si yeye. Hisabati ilikuwa F. Dada hakulia wala hakulaumu. Aliniuliza kama huku juu mvua inanyesha vizuri, nikamjibu inanyesha, na tukaagana.

Nilikaa nayo hiyo habari wiki kadhaa. Kisha siku moja nilipanda gari kutoka Kitai mpaka Mbinga, nikaenda kwenye kile kibanda, nikakaa kwenye kreti ile ile na kumwambia yule kijana anifungulie masomo ya yule wa tai kuanzia la mwisho kurudi nyuma.

Jambo la kwanza nililoliona halikuwa hesabu. Ni ile idadi. Somo la kwanza lilikuwa na umati. Kadiri macho yalivyoteremka kwenye orodha, umati ulipungua, la kumi, la kumi na mbili, na kwenye masomo ya uwezekano walibaki watu wa kuhesabika, kama waliobaki kanisani baada ya misa. Na chini ya somo la kikombe kulikuwa na maandishi ya wachache hao. Mmoja ameandika, mwalimu, punje ya kwanza haikurudi, mbona unagawa kwa tatu? Mwingine ameandika hivyo hivyo kwa maneno mengine. Wa tatu amemwomba arekebishe. Hakuna aliyejibiwa.

"Haya yalikuwepo ile siku?" niliuliza.

Kijana akatazama. "Yalikuwepo. Ya zamani haya."

"Mbona hukuniambia?"

"Mzee, uliniuliza kama anapendwa." Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anafuta vumbi kwenye kioo cha simu ya mtu.

Nikamwomba anifungulie yule mwanamke. Safari hii nilikaa. Gari la kuteremka liliondoka, likaja jingine, likaondoka. Jogoo aliwika mara nyingi kwenye yale masomo. Mara tano au sita yule mama alisimama katikati ya kazi akasema hapa nimekosea, au hapa jana niliwaambia vibaya, mtoto mmoja amenionyesha, tufute. Alipofika kwenye uwezekano alileta kikombe cha plastiki na punje za mahindi, akatoa moja, akaiweka pembeni, akainamisha kikombe mbele ya simu ili tuone zilizobaki. "Hesabuni zilizomo sasa," alisema. "Msihesabu zilizokuwemo." Kisha akatoa, akarudisha, akatoa, akarudisha, akichora vijiti ubaoni, kama alivyofanya mtoto wetu peke yake kizingitini bila kumwona yeye hata siku moja.

Nilimwekea binti masomo ya huyo kwenye kadi mpya. Nikateremka ziwani.

Nilimkuta binti kwenye chanja, amesimama pale pale alipokuwa akisimama mama yake, na kilemba kile kile cha kujikinga jua. Dada alikuwa amekaa kivulini, miguu ameinyoosha. Baada ya salamu nilimpa kadi na kumweleza ni ya nini. Aliipokea kwa mikono miwili, kwa adabu.

"Asante, mjomba. Simu ile sasa ni ya mama, ya kuwapigia wenye mitumbwi. Nitaangalia siku nikipata nafasi."

"Kujiandikisha bado kunawezekana mwaka huu."

Dada alitazama ziwani. Binti aligeuza samaki safu nzima kabla hajanijibu.

"Tulishasema ya mwisho ilikuwa ile."

Nilimwambia kwamba mwalimu wa tai alikosea. Nilimwambia nimeona kwa macho yangu, na watu wengine wameandika. Aliitikia kwa kichwa kama mtu anayeelezwa habari za kijiji cha jirani.

"Swali lile lilikuja kwenye mtihani," alisema. "Si punje, ni mipira, lakini ni lile lile. Niliandika ya kwangu kwanza. Halafu nikakaa nikafikiri, mimi niliyefeli mara mbili. Nikaifuta, nikaandika kama yeye."

Sijui kama swali moja lile ndilo lililomfelisha. Hakuna karatasi inayorudi kumwonyesha mtu alikosa alama ngapi. Huenda kulikuwa na mengine mengi, huenda angefeli hata kama ningemletea yule mama na jogoo wake. Hilo nimeligeuza sana kichwani na halina mahali pa kuishia. Ninachokijua ni kwamba alikuwa na jibu, na maneno aliyolifutia yalikuwa yangu.

Aliingia ndani akatoka na daftari na kikombe cha chai. Daftari lilikuwa limechakaa pembe. Alifungua ukurasa wenye vijiti, vimefungwa vitano vitano, na chini yake thelathini na moja. Ukurasa wa pili ulikuwa na vijiti vingine, chini yake ishirini na nane.

"Hii ni ya lini?"

"Siku ya pili yake. Uliposema vidole vinajua, nilichukua mahindi matatu yanayolingana, mawili nikapaka wino wa kalamu nyekundu, nikaacha yakauke. Nikamwomba mama anifunge macho kwa kanga."

"Nilimfunga kweli," dada alisema kutoka kivulini. "Nikadhani ni mchezo."

"Mbona hukunipigia?"

"Ningekuambia nini, mjomba."

Akaniwekea kikombe mbele, akatia punje zile tatu za mahindi na kuzitikisa. "Toa wewe," alisema. "Mimi nitaandika."

Tulikaa chini mchangani, yeye na kalamu, mimi nimefumba macho. Nilitoa punje, nikaiweka kwenye kanga, nikatoa ya pili. Alinong'ona alichokiona, akachora au hakuchora, akarudisha zote, akatikisa. Mara tisini ni nyingi kuliko mtu anavyodhani. Jua lilihama kutoka bega moja kwenda jingine. Miguu haikuniwasha. Nilikuwa naomba, na ni aibu kusema, kwamba zitoke ishirini. Kwamba niwe na mahali pa kusimama.

"Basi," alisema. Alihesabu vijiti kwa ncha ya kalamu. "Ishirini na tisa."

Aliandika namba hiyo kwenye ukurasa wa tatu, kwa mwandiko ule ule wa mtu mwenye kutunza kumbukumbu, na chini yake akaandika, mjomba. Wanawake wa ufukweni walianza kuitana, mtumbwi ulikuwa unaingia na usipa. Akafunga daftari, akampa mama yake alishike, akachukua beseni na kuteremka majini na wenzake.

Nilibaki nimekaa, punje tatu kiganjani. Nikazinusa, kwa mazoea ya ghalani tu. Mwenye gunia alikuwa ameshaondoka.